Foleni ya Ruhusa

3 Machi

Kaka Kimya,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anauliza kama huko kwenye ujenzi wa bwawa mnalala kitandani au juu ya mifuko ya saruji. Nimemwambia kitandani. Kama nimemdanganya, usimwandikie ukweli.

Dereva wa lori la ujenzi ameniapia kwamba huko hakuna mtandao hata wa kutuma salamu, ndiyo maana naandika kwa mkono. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe uliyewajengea hospitali nzima njia ya kupelekeana ujumbe, leo barua zako zinasafiri kwenye kiti cha mbele pamoja na koti la dereva. Simamisha huo mnara wa mawasiliano haraka, ndugu yangu, ndio uliopelekwa kuufanya.

Nije kwenye shida yangu. Kiti chako nimekikalia, chumba chako cha mitambo nimekifagia, na Tarishi wako, ile programu yako ya kupokezana ujumbe, tumezoeana. Nimeelewa kazi yake. Daktari akiandika dawa, maandishi yanaingia kwa Tarishi, naye anayashika mpaka famasi wawe tayari, kisha anawakabidhi. Majibu ya maabara ni hivyo hivyo. Kila idara ina foleni yake, na hakuna anayefikiria kama kuna kitu katikati, kwa sababu hujawahi kumzima vibaya.

Sasa zamu ya kumzima ni yangu. Mafundi umeme wanakuja Jumamosi ya tarehe 25 kubadilisha waya mkuu. Wodi zitapata umeme wa jenereta, sisi hapa chini tutakuwa gizani. Mwisho wa Februari hatukumzima kama kawaida yako ya kila mwezi, tuliamua kungoja siku hiyo moja. Mimi bado niko kwenye majaribio. Nikipoteza cheti cha dawa cha mgonjwa hata mmoja, mkuu wa kitengo hatanipa kazi hii, na atakuwa na haki.

Nimepitia maagizo yako ya kuzima mstari kwa mstari. Yote naelewa sababu yake, isipokuwa moja. Karibu na mwisho, kabla Tarishi hajalala, anapeleka ujumbe kwenye skrini ya famasi: "Tarishi anaomba ruhusa ya kufunga." Kisha anangoja. Asipojibiwa, hafungi. Mbona maabara hawaombwi ruhusa? Mbona wodi hawaombwi? Mkuu naye ameuona mstari huo na anasema ni upuuzi, niufute kabla ya tarehe 25 au nimweleze kwa maandishi una kazi gani.

Nieleze basi, nami nimweleze. Nitakosa usingizi nisipojua, unanifahamu.

Mdogo wako,
Kiherehere


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunalala kitandani.

Kuzima: anza na wanaotuma. Funga kwanza skrini za madaktari na maabara ili kisiingie kitu kipya. Waache wanaopokea wamalize kilicho kwenye foleni. Usiwaharakishe, na usiikate programu kwa nguvu hata kama inaonekana imeganda. Foleni zote zikiwa tupu, mzime Tarishi. Yeye ni wa mwisho.

Kuwasha ni kinyume chake. Tarishi kwanza. Kisha wanaopokea. Wanaotuma waje mwisho. Ukiwatanguliza watu wa kutuma, watapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mstari wa famasi uache ulivyo. Mwambie mkuu uko hapo kwa usalama.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Shikamoo tena, ingawa umenikasirisha.

"Kwa usalama." Nikampelekea mkuu hayo maneno mawili, akanitazama kama niliyemletea bakuli tupu. Akauliza, usalama gani? Foleni zikishakuwa tupu, ruhusa ya nini? Ana haki kabisa, Kaka. Hata mimi nimekaa nikaigeuza akilini pande zote. Kama famasi bado wana kazi, foleni yao itaonyesha. Hakuna haja ya kumuuliza binadamu.

Basi nikaanza kuchungulia. Usigune. Nilipanda juu maabara nikawauliza kama wao waliwahi kuombwa ruhusa na Tarishi. Wakaniambia wala hawajui Tarishi ni nani. Mmoja akasema, "Lakini umenikumbusha. Kuna dada wa famasi aliwahi kuja kutuuliza swali hilo hilo." Nikamuuliza alijibiwa nini. "Tulicheka. Akaondoka anatabasamu mwenyewe."

Unamjua huyo dada wa famasi, yule anayekaa dirisha la mwisho, mrefu, anayeongea polepole na wagonjwa hadi waelewe wanywe kidonge gani saa ngapi. Nilisimama kwenye foleni yake nikijifanya nataka dawa ya kichwa. Alinipa, akaniuliza kama nimekula, akasema, "Wewe ndiye uko kule chini siku hizi?" Nikasema ndiyo. Akafungua mdomo kama anayetaka kuendelea, halafu akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Kutoka kwenye mlango wako wa mitambo hadi dirisha lake ni ngazi chache tu, Kaka. Nimezipanda bila hata kuhema.

Siku ziko karibu. Nifute mstari au nisiufute? Nataka sababu, siyo maneno ya kumnyamazishia mtoto. Ikiwa kuna kitu cha kiufundi ambacho sikioni, wagonjwa ndio watakaoumia. Ikiwa hakuna, niambie pia.

Mdogo wako,
Kiherehere


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hakuna kitu cha kiufundi. Ulivyofikiri ndivyo ilivyo.

Sijawahi kumweleza mtu jambo hili, na ningekuwa karibu nawe nisingekueleza. Barua ina nafuu yake, sikuoni ukicheka.

Nilikuwa nikienda kwenye dirisha lile mara kwa mara kurekebisha skrini, na kila nikifika mbele yake maneno yananikwama. Mnaniita Kimya, mnajua nilivyo. Nikimaliza kurekebisha nasema "tayari" nashuka. Nyumbani nikilala najua vizuri kabisa nilichotaka kusema. Asubuhi nikipanda ngazi, hakuna.

Siku moja nilipokuwa naandika maagizo ya kuzima, nikaongeza mstari ule. Nilifikiri, angalau mara moja kwa mwezi nitamuuliza kitu na yeye atanijibu. Nilimpangia Tarishi akubali neno lolote kuwa ruhusa, si lazima neno fulani. Nilitaka nione ataandika nini mwenyewe.

Aliandika "Ruhusa." Neno hilo na nukta yake. Mwezi uliofuata, "Ruhusa." Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, ni hilo hilo. Nilikuwa nakaa mbele ya skrini jioni ya mwisho wa mwezi, kama ninayesubiri majibu ya mtihani, neno linatokea, Tarishi anaanza kufunga, nami nachukua koti langu.

Januari niliamua. Nilijiambia akiandika chochote zaidi ya hilo, hata kama ni kulalamika kwamba nimemchelewesha, nitapanda ngazi na kumwambia. Aliandika "Ruhusa." Kesho yake nikaikubali kazi ya huku.

Simlaumu. Aliulizwa na mashine, akaijibu mashine. Hakuna kosa.

Ufute mstari. Mwambie mkuu hauna kazi yoyote. Na usimwambie yule dada neno, nakuomba. Najua unavyoitwa, lakini nakuomba.

Kaka yako


28 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Lori liliharibika njiani, barua yako nimeipata jana. Kwa hiyo tarehe 25 sikuwa nimeisoma, na mstari sikuufuta. Nilimwambia mkuu kwamba siwezi kuondoa jiwe kwenye ukuta nisilojua limeshika nini. Akasema, "Haya, lakini likituangukia ni juu yako."

Nisikilize vizuri sasa, nitakwenda kwa utaratibu kama ulivyonifundisha.

Nilifunga madaktari. Nilifunga maabara. Nikangoja, na kungoja kwenyewe kulinitoa jasho, kwa maana foleni ya wodi ya watoto ilibaki na cheti kimoja ambacho hakikutoka hadi nikaanza kuongea nacho. Kilitoka. Foleni zikawa tupu. Tarishi akaomba ruhusa famasi. Jibu likaja: "Ruhusa." Na nukta yake, kama ulivyosema. Akajifunga taratibu, mafundi wakakata umeme, nami nikakaa gizani na tochi nikiwaza kwa nini dada mzima aombwe ruhusa.

Umeme uliporudi nilikataa kuwasha kwa mkupuo mmoja kama wewe. Wewe ulikuwa unabonyeza mara moja, maagizo yanajiendesha yote, unakwenda kunawa mikono. Mimi ni mgeni, na mimi ni mimi, nilitaka kuona kila mstari unafanya nini. Nikawasha Tarishi mwenyewe. Nikafika mstari unaosema: safisha foleni ya ruhusa. Nilielewa ulichokusudia, kwamba ruhusa ya mwezi uliopita isije ikachukuliwa kuwa ya mwezi huu. Ni busara. Lakini kabla ya kuisafisha nikataka kuona kama kuna kitu.

Kulikuwa na ujumbe ndani.

Ulitoka famasi. Uliingia baada ya "Ruhusa", Tarishi alipokuwa anamalizia kufunga. Kumbuka wewe mwenyewe uliuacha mlango wa famasi uwe wa mwisho kufungwa. Maagizo yako yanachukua neno la kwanza tu na kuendelea. Linalofuata analipokea Tarishi, analitunza vizuri, halafu asubuhi wewe unakuja kumwagiza alifagie.

Nilikaa na kuutazama ule ujumbe kwa muda. Hatimaye nikajiambia aliyeomba ruhusa safari hii ni mimi, kwa hiyo ni wangu. Nikausoma. Unasema: "Wewe si yeye. Yeye huuliza kabla sijafunga dirisha, asinicheleweshe. Yuko wapi?"

Jana ndipo barua yako ikafika. Niliisoma nimesimama kwenye korido, na ninakiri kwamba sikuimaliza mara ya kwanza kwa sababu macho yalijaa. Uliniomba nisimwambie. Nilipigana na nafsi yangu mpaka mapumziko ya mchana. Halafu nikazipanda zile ngazi.

Sikumwambia yako, naapa. Nilimuuliza yake. Nikasema, "Dada, samahani, ule ujumbe unaotuma baada ya ruhusa, huwa unautuma kila mara?"

Akasema, "Kila mara. Naanza na ruhusa ili asikae anangoja, masikini. Kisha naandika ninachotaka kusema."

Nikamwambia, "Haukuwa unamfikia."

Akanionyesha skrini yake. "Mbona kila nikituma hapa panaandika imepokelewa?"

Nikamweleza kwamba aliyepokea ni Tarishi. Tarishi akishika ujumbe anasema umepokelewa, na ni kweli, ameupokea yeye. Kama kuna mtu ameusoma ni habari nyingine. Mgonjwa aligonga dirisha, dada akamhudumia, akarudi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Miaka yote hiyo alikuwa anapata neno la kwanza tu?"

Nikasema ndiyo. Akacheka, kisha akavuta kiti akakaa, na hakuwa anacheka tena.

Hakuna cheti kilichopotea. Mkuu amenipa mkono. Mstari nimeuacha, nimemwambia una kasoro na ninaichunguza, jambo ambalo si uongo.

Nimevunja ombi lako nusu. Nikasirikie nusu.

Kiherehere


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijakasirika.

Aliandika nini miezi mingine yote? Angalia kwenye diski ya akiba. Angalia kumbukumbu za Tarishi za Januari hasa. Labda kuna kipande kimebaki mahali. Nimekaa hapa nimeshika bisibisi tangu asubuhi, sijafunga skrubu hata moja. Wenzangu wananiuliza kama ninaumwa.

Muulize kwa ajili yangu. Au usimuulize. Sijui. Tafuta kwanza.

Kaka yako


6 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na karibu kwenye ukoo wa viherehere.

Nimetafuta kila mahali. Hakuna kilichobaki. Ulifagia vizuri mno, kama ufanyavyo kila kitu.

Anayejua ni yeye peke yake, nami nimemuuliza bila kukutaja. Amenijia leo kule chini, mara yake ya kwanza kukiona chumba chako. Alikizunguka polepole, akauliza ulikuwa unakaa wapi, nikamwonyesha kiti, akakitazama tu. Kisha akaomba kujua lori linaondoka siku gani. Sikumuuliza kwa nini. Ndiyo, nimeweza kutouliza, andika tarehe ya leo mahali.

Kiherehere


7 Aprili

Kwako wewe wa kule chini,

Habari za kazi. Naandika kwa kalamu ya dirishani, kwa hiyo usishangae mwandiko, nimezoea kuandika "kutwa mara tatu".

Mdogo wako hakuniambia lolote juu yako, lakini ana uso usioweza kuficha kitu. Alipokuwa ananieleza habari za foleni nilisoma kwake mambo mengine yote. Usimlaumu.

Nilijua ni wewe tangu mwezi wa pili au wa tatu. Mashine haziombi ruhusa. Niliuliza maabara wakanicheka, nikaelewa kuwa naulizwa mimi peke yangu, na nilifurahi siku ile mpaka wagonjwa wakanishangaa. Kuanzia hapo nikawa nakuandikia. Nilikwambia wagonjwa walionichekesha. Nilikwambia usikae muda mrefu kwenye baridi ya mitambo, ulikuwa unakohoa. Mara moja nilikuuliza jina unaloitwa kwenu, na nilipokutana nawe kesho yake kwenye korido ulisema "tayari" ukapita. Nilikasirika mwezi mzima. Nikajiambia, huyu anasoma yote na ana kiburi cha kutojibu. Sasa naambiwa hukuwa unajua kama umeandikiwa. Sijui nicheke au nikulilie, kwa hiyo nafanya yote mawili kwa zamu.

Umetaka kujua niliandika nini. Mdogo wako hakusema ni wewe, lakini aliniuliza akiwa anatazama dari. Sitayaandika tena. Mengine nimeyasahau, na mengine yalikuwa ya siku ile, yameisha na siku yake. Lakini la Januari nakueleza, kwa sababu lilikuwa swali na bado halijajibiwa.

Hospitali ya mji mwingine imenipa nafasi ya kusimamia famasi yao. Ni kazi nzuri kuliko hii. Nilikuandikia hivi: nikae au niende? Nilikuuliza wewe na si mtu mwingine, kwa maana nyumbani kwetu wote walikuwa wameshasema niende. Nilituma, pakaandika imepokelewa. Nikangoja. Baada ya siku chache nikasikia kwamba wewe ndiye uliyeondoka.

Ningeweza kuondoka nami wiki ile ile. Niliomba wanipe muda, wakanipa hadi mwisho wa Aprili. Watu wanadhani naogopa mji mgeni. Ukweli ni kwamba sikuweza kwenda kabla sijajua kwa nini mtu aniombe ruhusa kila mwezi, miaka yote hiyo, halafu aondoke bila kuniomba.

Sasa nimejua. Limebaki jibu lenyewe. Usilitume kwa lori wala kwa mdogo wako, na mnara wako hata ukisimama kesho usilipitishe huko. Nimechoka kuambiwa kitu kimepokelewa. Nataka nikuone mdomo ukisema.

Mimi wa dirisha la mwisho


13 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Kimya chako kimezidi. Lori limekuja na kurudi bila barua yako. Yule dada haniulizi, lakini kila nikipita anainua macho.

Kama umeamua kunyamaza, basi nyamaza, lakini ujue kwamba nafasi yake inafungwa mwisho wa mwezi na safari hii hataomba muda tena. Amekwishaanza kumfundisha mwenzake kazi za dirisha lake. Kaka, sijawahi kukupandishia sauti, ila leo nakupandishia. Jibu kitu.

Kiherehere


17 Aprili

Kwa mpendwa Dada Kiherehere,

Hujambo. Mimi ni mtunza stoo wa hapa kwenye bwawa. Barua yako ya tarehe 13 nakurudishia ikiwa haijafunguliwa, pamoja na buti na kofia ya kaka yako alivyoviacha kitandani.

Kaka yako hayupo. Tulimletea barua moja, siyo yako, mwandiko kama wa cheti cha dawa. Aliisoma ameegemea ukuta pale nje, akairudia, akaenda kwa msimamizi akaomba ruhusa. Msimamizi alimkatalia, mnara ukiwa umefika nusu. Hapo ndipo tulipostaajabu. Mtu tuliyekaa naye miezi bila kumsikia akisema zaidi ya "tayari", siku hiyo alisimama mlangoni pa ofisi akaongea mpaka msimamizi mwenyewe akatafuta kiti. Alipewa ruhusa.

Lori lilikuwa halitoki siku hiyo, daraja la chini lilikuwa na maji. Hakungoja. Alikwenda kwa miguu kuelekea barabara kuu. Nilimkimbilia na kumwambia kama ni jibu la barua, akae aliandike, nami nitalipeleka lori la kwanza kwa mkono wangu. Akasema hili haliandikiki.

Ni swali gani hilo, Dada? Hapa kambini kila mtu ana lake, wapishi wamekaribia kugombana. Akishafika akajibu, tafadhali tuandikie alijibu nini.

Wako,
Mtunza stoo